Kwanza Majani na Maji, Halafu Ng'ombe

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, kartie Ngezi, Bunia



Kamati iliniomba niseme juu ya kitu kimoja. Mtu anayerudia ferme iliyokaa miaka bila mwenyewe aanzie wapi? Na wanyama wataishi namna gani wakati kazi ya kuitengeneza ingali inaendelea? Nitasema kama mtu aliyekula bugali ya kazi ya mifugo, si kama profesa.

Ulizo hili si la kupitisha saa. Kwenye meza ya kamati kuna pendekezo: franga zote za mwaka huu zinunue ng'ombe, kila jamaa inayorudi ipate mmoja. Ninaelewa mahali wazo hili linatoka. Kwetu ng'ombe si nyama na maziwa tu. Njo mahari, njo minervali ya watoto, njo benki ya mtu asiyekuwa na benki. Mtu aliyekimbia katika vita ya 1999 mpaka 2003, akarudi, akajenga, halafu akakimbia tena tangu mwezi wa kumi na mbili wa 2017. Mtu aliyevuka Ziwa Albert kwa mtumbwi mpaka Kyangwali, ao aliyelala chini ya shitingi hapa Bunia: ukimwekea kamba ya ng'ombe mkononi, anajiona tena mtu mbele ya watu. Sitacheka jambo hilo.

Hata hivyo nasimama kuwaomba: ng'ombe asitangulie. Kwanza majani na maji, halafu dawa, halafu mapatano na jirani. Ng'ombe afike nyuma ya hayo, akute mahali pa kuishi.

Tufanye hesabu pamoja. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 anakula karibu kilo 25 za majani mabichi kwa siku, ni kusema sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kumi wanakula kilo 250 kwa siku. Kwa mwezi ni tani saba na nusu. Na maji: kila mmoja litre 30 ao 40 kwa siku, na anayenyonyesha anazidi. Sasa niambieni, katika ferme iliyokaa miaka mitano bila mtu, tani saba na nusu ziko wapi? Ukitazama kwa mbali unaona kijani kila upande, unasema majani iko mingi. Karibia. Nusu ni miti midogo na miiba. Nyasi zilizobaki zimekomaa, zimekuwa ngumu kama fagio. Ng'ombe anajaza tumbo na bado anakonda. Na ndani yake kuna lantana, ile ya maua ya rangi mbili tatu, ambayo ni sumu: inaharibu maini, na ngozi ya ng'ombe inapasuka akikaa kwenye jua. Kule juu kwenye baridi kuna pia ile ferni ya vilima, nayo ni sumu. Ng'ombe aliyeshiba hazigusi. Mwenye njaa anakula. Kwa hiyo ukileta wanyama kabla ya majani mazuri, unawafundisha kula sumu.

Basi kazi ya kwanza ni miguu na macho. Mwenye ferme azunguke pahali pote, polepole, pamoja na mtu anayejua historia ya pale. Akiona chuma asichokijua, bombu ao risasi kubwa, asikiguse, asikisogeze hata kwa fimbo. Aweke alama kwa mbali, azuie watoto, apeleke habari kwa wakubwa wa eneo. Halafu aokote nyaya, misumari na vipande vya mabati vya nyumba iliyochomwa. Ng'ombe hachagui kama mbuzi. Anavuta majani na ulimi na kumeza. Msumari ukiingia tumboni unaweza kutoboa mpaka kufika karibu na moyo, na hapo hakuna dawa.

Kama kuna josho la zamani, mlifunike ao mlizungushie kizuizi. Majosho mengi ya wakati wa ukoloni, katika Afrika yote, yalitumia arseniki. Ile sumu haiozi. Inakaa katika udongo wa kando kwa makumi ya miaka. Mnyama asinywe maji ya mvua yanayokusanyika mle, na mama asipande lengalenga pale kwa sababu udongo unaonekana mweusi na mzuri.

Kisha maji. Chemchemi ikikanyagwa na ng'ombe inakuwa matope na mavi, na watu wa chini wanakunywa hayohayo. Izungushieni miti, vuteni maji kwa bomba mpaka kwenye birika, wanyama wanywe pembeni. Hiyo ni kazi ya siku chache za salongo, na bei yake haifiki bei ya ng'ombe mmoja.

Majani yanapandwa mwezi wa tatu, mvua zikiisha kushika. Matete tunayajua wote. Unakata kipande chenye vifundo vitatu, unakiinamisha udongoni, vifundo viwili chini, kimoja juu. Baada ya miezi mitatu ao minne, yakifika urefu wa metre moja, unakata na kuacha shina la urefu wa kiganja ili yachipuke. Kwenye mteremko, pandeni mistari inayokingama na kilima, si inayoshuka nacho, juu udongo wetu wa Djugu unakimbia na mvua. Setaria na brakiaria zinafaa kwa malisho yenyewe. Kituo cha INERA kule Nioka kimefanya kazi ya mifugo na mimea tangu zamani za ukoloni. Elimu hii si ya kuletewa kutoka mbali.

Ukiwa na malisho, yagawe vipande vinne ao zaidi. Wanyama wakae katika kimoja, vingine vipumzike wiki nne mpaka sita wakati wa mvua. Na sehemu ya matete ikatwe na kukaushwa ao kushindiliwa shimoni kwa miezi ya jua kali, wa kumi na mbili mpaka wa pili. Ni katika miezi hiyo ferme inaonyesha kama ina mwenyewe.

Sasa nifike kwa wanyama. Maana wengi hawasubiri: wamerudi tayari na ng'ombe wawili watatu waliookoka, mbuzi, kuku. Hao hatuwezi kuwaambia wangoje majani yaote. Wachungwe karibu, kundi dogo, wakatiwe majani na kuletewa zizini, wapewe chumvi, na walale mahali pakavu. Mavi yao, ambayo ng'ombe mmoja anatoa kilo kumi na zaidi kwa siku, yapelekwe moja kwa moja kwenye mashimo ya matete. Namna hiyo mnyama mwenyewe anatengeneza ferme wakati ferme inamlisha.

Adui mkubwa ni kupe. Yule kupe wa kahawia anayeshika ndani ya masikio njo analeta ndigana kali, ugonjwa unaomaliza ndama wetu. Ng'ombe aliyezaliwa kwenye kupe anaweza kuwa na kinga. Anayenunuliwa mbali, mahali kusiko na ugonjwa huo, anafika na siku zake zimehesabiwa. Sikieni vizuri, kwa sababu hapa pendekezo la kununua ng'ombe wengi kwa mara moja linaweza kutuumiza. Tukinunua wageni thelathini na kuwatawanya katika malisho yaliyojaa kupe, bila pompi ya dawa, bila veterineri wa kuitwa, tutahesabu ngozi.

Dalili ni hizi: tezi chini ya sikio inavimba, homa inapanda, mnyama anaacha kula, halafu pumzi inakuwa nzito. Dawa ya buparvakwone inasaidia sana ikichomwa siku za kwanza. Mnyama akiisha kutoa povu puani, umechelewa. Iko pia chanjo iliyotengenezwa kule Muguga, Kenya: ndama anachomwa vijidudu vyenyewe pamoja na dawa ya kuvituliza, na kinga inadumu. Lakini inahitaji baridi kali ya kuihifadhi na fundi aliyezoea, kwa hiyo ni kitu cha kufanya pamoja kama chama, si mtu mmoja-mmoja. Wakati tunangoja, kunyunyiza dawa ya kupe kila wiki, kwa kipimo cha chupa. Ukipunguza ili ubakize franga, unafundisha kupe kuzoea dawa. Ukizidisha, unatia sumu mnyama na maziwa.

Ndama akizaliwa, anyonye maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, ndani ya saa sita. Kinga yake ya miezi ya kwanza inatoka humo. Wako watu wanayamwaga wakisema ni machafu. Tuache desturi hiyo. Na maziwa yetu sisi tuyachemshe. Ng'ombe anayetupa mimba mara kwa mara anaweza kuwa na bruselosi, na mtu anaipata kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Ile homa inayokuja na kuondoka, inayovunja viungo, ambayo watu wanasema ni malaria isiyosikia dawa: mara nyingine njo hiyo.

Kwa jamaa inayoanza na mikono mitupu, ningeanza na kuku na mbuzi. Kuku wakichanjwa tone moja jichoni kila miezi mitatu ao minne hawaishi wote siku moja kwa ugonjwa wa kideri. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano, mara nyingi anazaa mapacha, na anakula vichaka ambavyo ng'ombe anaviacha, kwa hiyo anasafisha malisho. Mtoto jike wa kwanza arudishwe kwenye chama, apewe jirani anayefuata. Franga za ng'ombe mmoja zinaweza kuanzisha jamaa kadhaa namna hiyo, na deni linalipwa na mnyama mwenyewe.

Nimebakiza neno moja, na ni gumu kuliko kupe.

Ferme nyingi tunazorudia hazikukaa tupu. Mtu mwingine amelima mule mihogo, maharagwe, mahindi. Naye pia alikimbia kutoka mahali fulani. Sisi tuko na karatasi. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inatambua konsesioni, na inadai pia kwamba mwenye konsesioni aitumikishe. Karatasi ni kitu cha kutunza. Lakini sisi wa Ituri tunajua zaidi ya mtu yeyote kwamba mabishano juu ya mipaka ya konsesioni, kule Walendu-Pitsi mwaka 1999, njo yaliwasha moto ambao tungali tunanusa moshi wake. Ng'ombe akiingia katika mahindi ya mtu mwenye njaa, hakuna anayeuliza karatasi.

Kwa hiyo, kabla ya mnyama wa kwanza kufika, tukae na yule jirani. Avune alichopanda. Tuandike mbele ya mukubwa wa kijiji na wazee wa pande zote mbili: mpaka uko wapi, njia ya ng'ombe kwenda majini inapita wapi, ng'ombe akiharibu shamba analipa nini, na nani anapima hasara. Jirani apate kitu pia: mavi kwa shamba lake, maji ya birika, mbuzi katika mzunguko wetu kama anataka. Mapatano ya namna hiyo yanatunza wanyama kuliko senyenge. Senyenge inakatwa usiku. Jirani aliyepata faida anakuamsha.

Wafadhili wetu, najua kwenu picha ya mama anayepokea ng'ombe ni nzuri. Picha ya birika, ya shina la matete, ya karatasi yenye alama za vidole vya majirani wawili, haipendezi sana ukutani. Nawaomba mpokee hizo picha mwaka huu.

Ninaloomba mkutano ukate leo ni mambo matatu. Moja: franga za mwaka huu ziende kwa chemchemi, mbegu za majani, pompi na dawa ya kupe, na posho ya veterineri mmoja anayezunguka. Mbili: mzunguko wa mbuzi na kuku uanze mvua za mwezi wa nane, na jamaa za wajane zitangulie. Tatu: ng'ombe wa chama asipelekwe katika ferme yoyote mpaka kamati iende, ione majani, ionje maji, na isome mapatano na jirani kwa macho yake.

Wenye ng'ombe wameniuliza mlangoni: je, tungoje mpaka lini? Kwa ferme itakayopanda mwezi wa tatu na kuweka maji, ningesema mwaka mmoja. Tumengoja zaidi ya hiyo tukiwa hatuna kitu cha kufanya. Safari hii tutangoja na jembe mkononi.

Sasa nasikiliza maulizo.