Tukimsoma Tamari Katika Jumuiya Zetu

(Maneno yaliyotolewa kwenye semina ya kamati za sharika)



Mkuu wa Jimbo, wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, wajumbe wa kamati, nanyi marafiki mnaotuunga mkono kwa sala na kwa fedha. Tunashukuru kupewa nafasi ya kueleza jinsi tunavyosoma 2 Samweli 13 katika jumuiya za nyumba kwa nyumba.

Sura hiyo ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Amnoni, mwana wa Daudi, anajifanya mgonjwa kwa shauri la binamu yake Yonadabu. Anaomba Tamari, dada yake kwa baba, aje amwandalie chakula, kisha anambaka. Njia hii ya kuisoma hatukuibuni sisi. Ilianza Afrika Kusini miaka ya 1990, katika Kituo cha Ujamaa cha Pietermaritzburg, alikofanya kazi Profesa Gerald West, na baadaye ikaenea katika makanisa mengi ya Afrika kwa jina la Kampeni ya Tamari.

Hatuanzi na mahubiri. Mstari wa 1 hadi wa 22 unasomwa kwa sauti, na msomaji asiwe mchungaji (wachungaji mtuwie radhi). Kisha wanawake wanakaa peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao. Maswali ni mepesi. Ni nani wametajwa, na kila mmoja alifanya nini? Tamari alisema nini? Nani angeweza kuzuia? Mama asiyejua kusoma anajibu sawasawa na mwalimu, maana wote wameisikia habari ileile.

Hapo ndipo watu hushtuka. Wengi walidhani Tamari alinyamaza. Kumbe alikataa, akataja desturi ya Israeli, akaeleza aibu itakayompata yeye na Amnoni pia, hata akapendekeza mfalme aulizwe. Alipofukuzwa alirarua vazi lake, akajitia majivu kichwani, akaenda akilia kwa sauti. Aliyemwambia anyamaze ni Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, kwa sababu mkosaji ni ndugu. Daudi naye alikasirika sana, basi, ikaishia hapo. Kikundi cha wanaume kikifika kwenye hasira hiyo ya Daudi huwa kimya. Neno "tuyamalize nyumbani" tunalijua sote.

Swali la mwisho ni kama wako akina Tamari katika mtaa wetu. Hatuombi majina, wala hatumlazimishi mtu kusimulia yaliyompata.

Katika kuomba, hatukimbilii sala ya msamaha. Tunakaa kimya kwanza. Halafu tunasoma Zaburi ya 13 au ya 22, zinazomlilia Mungu bila kupamba maneno, na anayetaka anaomba kwa lugha ya nyumbani kwao.

Sasa jambo linalozihusu kamati. Msifungue kidonda kama hamna wa kukiuguza. Kila usharika uwe na wasikilizaji wawili waliofundishwa, mmoja awe mwanamke. Wajue lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, kituo cha afya cha karibu, na namba ya simu 116 ya kusaidia watoto. Aliyebakwa afikishwe kwenye huduma mapema iwezekanavyo, na isipite saa 72, maana baada ya hapo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazitolewi tena. Wazee wakiitisha kikao cha usuluhishi siku ya nne, saa hizo zimekwisha.

Wafadhili wetu wameuliza, na ni haki yao, kwa nini bajeti ya kujifunza Biblia ina fungu la nauli ya pikipiki. Ni kwa ajili ya saa hizo 72.

Kamati zituletee majina mawili ya wasikilizaji kabla ya mwisho wa robo hii, nasi tutaleta maswali yaliyochapwa. Usharika ambao haujapata watu hao usubiri kwanza, uendelee na Injili ya Marko.