Kibati cha Shaba na Bisibisi ya Kujitengenezea

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia nije kuzungumza, nadhani alitazamia niseme juu ya mambo ya ofisi. Mambo ya ofisi mnayo ya kutosha. Nimeona heri niseme juu ya zile bunduki mbili kuukuu za gwaride zilizomo katika kabati la maktaba. Kamati inataka zisafishwe na kutundikwa ukutani, na limetolewa pendekezo kwamba vile vibati vya shaba vilivyomo katika vitako ving'olewe, ving'arishwe, na kutolewa zawadi kwa wageni wa heshima. Mimi napinga pendekezo hilo. Lakini sipendi kupinga kazi nisiyoielewa, kwa hiyo nitaeleza kwanza jinsi kibati kinavyotolewa, kisha nieleze kwa nini lazima kirudi mahali pake.

Bunduki zetu ni Lee-Enfield, aina ile fupi iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1903 na kurekebishwa kuwa Mark III mwaka 1907. Zilitengenezwa kwa mamilioni: Enfield na Birmingham huko Uingereza, Lithgow huko Australia, na Ishapore huko India. Zetu zimepigwa mhuri wa D.P., maana yake ni za mazoezi ya gwaride tu, si za kufyatua. Hata hivyo mtu asijidanganye kwa herufi mbili. Silaha ni silaha mpaka polisi waseme vinginevyo, na sheria yetu ya mwaka 2015 si ya mchezo. Kibali kionekane kwanza. Na yeyote atakayeishika bunduki, hata aambiwe mara ngapi kwamba haina kitu, afungue komeo na kutazama ndani kwa macho yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kibati. Kiko upande wa kulia wa kitako, ni cha mviringo, kimezama katika ubao hata kikawa sawasawa na uso wake, nacho kimeshikwa na skrubu moja tu katikati. Mtu akikitazama husema, "Hii ni kazi ya dakika moja." Hapo ndipo uharibifu unapoanza. Ubao wa mti wa jozi una asidi yake ya asili, nayo ikikutana na chuma cha skrubu huleta kutu nyeusi. Kutu huvimba, na skrubu hung'ang'ana. Juu yake yapo mafuta ya kitani waliyopaka askari mwaka baada ya mwaka, ambayo yamekauka yakawa kama gundi. Skrubu hiyo haitaki nguvu. Inataka bisibisi inayoienea.

Bisibisi za dukani nyingi zimechongwa kama kabari, nyembamba nchani na nene juu. Ukiitia katika mfereji wa skrubu, inagusa midomo ya mfereji tu, wala haifiki chini. Ukizungusha, inapanda, inateleza, na kukwaruza shaba. Kwa hiyo tunatengeneza yetu. Chukua kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, ambacho fundi baiskeli yeyote atakupa bure. Saga meno yake, kisha ukinoe kwenye jiwe, mabapa yake yakiwa sambamba mpaka nchani, na upana wake usizidi kichwa cha skrubu. Kila mara ukichovye katika maji, kwa maana chuma kikipata moto mpaka kikageuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha. Kisha kipachike katika mpini wa mti mgumu, mninga au mvule. Kama mfereji ni mpana kuliko kipande hicho, chukua bisibisi kuukuu, uisage kwa tupa namna ile ile. Msumari uliopondwa haufai, ni laini, utajipinda ndani ya mfereji. Kanuni ni moja: chombo kichongwe kifuate skrubu, skrubu isilazimishwe kufuata chombo.

Kabla ya kuzungusha, safisha mfereji kwa ncha ya sindano mpaka uone chuma chini. Kisha chukua chuma cha kulehemu chenye moto, ukiweke juu ya kichwa cha skrubu kwa muda wa dakika moja hivi. Chuma hutanuka kikipata joto na hunywea kikipoa, na kwa kutanuka na kunywea huko kutu hupasuka na mafuta makavu hulainika. Ikiisha kupoa, tia tone moja la mafuta ya taa kwa ncha ya waya. Nasema tone moja, kwa sababu ubao hunywa, na doa lake halitoki. Subiri mpaka kesho yake. Kisha simamisha bisibisi wima, uibonyeze kwa uzito wa mwili, na kwanza ukaze kidogo sana, kama unataka kuifunga zaidi. Ukisikia imeshtuka, ndipo uifungue. Isiposhtuka, rudia joto. Usirudie nguvu.

Skrubu ikitoka, kibati bado kitakaa. Hapa watu huchukua kisu na kukichokoa pembeni, wakaacha jeraha katika ubao na pindo katika shaba. Badala yake chukua waya wa mwavuli, upinde ncha yake kama ndoana ndogo, uipitishe katika tundu la katikati, uvute juu taratibu. Kikikataa, geuza kitako kielekee chini juu ya blanketi, ugonge ubao kwa kiganja. Kwa kawaida kitaanguka chenyewe.

Vikuku vya ukanda na bamba la shaba la mwisho wa kitako hufuata njia hiyo hiyo, sina haja ya kurudia. Ila kuna onyo moja kubwa. Ukifungua kimlango cha bamba la kitako utaona shimo ambamo askari aliweka kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Ndani kabisa kuna kipande cha ngozi, na nyuma ya ngozi hiyo kuna kichwa cha bolti ndefu inayounganisha kitako na bunduki. Bolti hiyo msiiguse. Ncha yake ya mbele ni ya pembe nne, nayo imeingia katika kibamba kilichomo ndani ya ubao wa mbele. Mtu akiizungusha kabla ya kuvua ubao wa mbele, pembe zile huzunguka na kupasua ubao. Lee-Enfield nyingi zina ufa huo, na chanzo chake ni mtu aliyeanzia nyuma badala ya mbele.

Kurudisha nako kuna adabu yake. Kila skrubu ichomekwe katika kipande cha boksi kilichochorwa umbo la bunduki, mahali pake hasa. Kibati kioshwe kwa maji ya sabuni na brashi laini, basi. Hapana limau, hapana majivu, hapana dawa ya kung'arishia, kwa maana vyote hivyo hula herufi. Skrubu ipakwe nta ya nyuki, iwekwe katika tundu lake na kuzungushwa kinyume mpaka isikike imeangukia njia yake ya zamani, ndipo ikazwe.

Ndugu Mwenyekiti, mtu ataniuliza, taabu yote hiyo ya nini kwa kibati kilicho kidogo hivyo? Jibu limo katika maandishi yake. Kimoja cha vile vyetu kinasomeka namba 6, herufi K.A.R., na namba ya bunduki kikosini. King's African Rifles iliundwa mwaka 1902, na Kikosi cha 6 kilikuwa cha Tanganyika. Mwaka 1961 K.A.R. ya Tanganyika ikawa Tanganyika Rifles, nayo ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na mwaka huo huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Majina ya makamanda wao yamo vitabuni. Aliyeibeba bunduki hii hakuandikwa jina juu yake, alipewa namba ya bunduki tu, na namba hiyo ndiyo alama pekee iliyobaki humu shuleni ya mkono ulioishika.

Kibati kikiwa katika ubao wake, kinasema bunduki hii ilikuwa ya kikosi gani. Kikiwa mezani kwa mgeni wa heshima, ni kipande cha shaba chenye namba, na bunduki iliyobaki ukutani ni bubu. Tukivitenganisha, hakuna fundi atakayeweza kuthibitisha baadaye kwamba vilikuwa pamoja.

Kwa hiyo natoa hoja: vibati vitolewe kwa ajili ya kusafishwa tu, vipigwe picha, virudishwe siku hiyo hiyo, na maandishi yake yanakiliwe katika daftari la maktaba. Wanafunzi wa kidato cha pili watengeneze bisibisi wenyewe chini ya uangalizi wa mwalimu, na waanze kwa kujizoeza kwenye skrubu za madawati yaliyovunjika. Madawati hayo, Mwalimu Mkuu, naona hayajapungua tangu zama zetu.