Huzuni Isiyo na Matanga

Akifa mtu Firq, mji wetu ulio karibu na Nizwa nchini Oman, hakuna anayeuliza afanye nini. Habari hupita kwa simu, maiti huzikwa siku ile ile ikiwezekana, na mara sabla, ukumbi wa mtaa wa kukaa pamoja, hufunguliwa, birika za kahawa na sahani za tende zikapangwa. Wanaume huingia kwa zamu. Kila aingiaye huwapa mkono wote waliokaa, hupokea kikombe, hukitikisa akishatosheka, huomba dua, hutoka kumpisha mwengine. Wanawake nao hukaa na wafiwa nyumbani. Siku tatu mfiwa hapiki wala haachwi peke yake na mawazo yake. Hata aliyekuwa hasemi na marehemu huja, kwani kutokuja ni aibu. Hoja yangu leo inaanzia hapo. Jamii hii inajua kumshika mtu aliyevunjika moyo, tena inajua vizuri kuliko inavyojidhania, lakini ujuzi huo imeuwekea sharti moja: lazima kwanza mtu afe.

Sasa mchukue mtu ambaye hakufiwa. Ni baba wa watoto, ana kazi, ana gari, ana nyumba. Miezi miwili hii halali, akilala huamka saa tisa ya usiku na hapati tena usingizi. Chakula hakina ladha. Sabla alikuwa akikaa mpaka isha. Sasa anatikisa kikombe cha kwanza na kuondoka. Wiki ya kwanza anaulizwa kulikoni. Wiki ya nne watu wameshachoka kuuliza, na wapo wanaosema amekuwa na kiburi. Anakwenda kituo cha afya na kulalamika kichwa, kifua na tumbo, anapewa vidonge vya maumivu, anarudi nyumbani, na baada ya siku kumi yuko tena kwenye foleni. Hadanganyi. Huzuni ya muda mrefu huuma mwilini kwelikweli, na katika nchi nyingi, zetu zikiwemo, mgonjwa wa sonona humfikia daktari kwa mlango wa maumivu ya mwili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa na tatizo la afya ya akili, yaani mtu mmoja katika kila wanane, na walio wengi ni hawa wa wasiwasi na sonona. Wanaookota makaratasi barabarani, ambao ndio picha inayotujia kichwani tukisikia habari hizi, ni wachache. Walio wengi wamekaa pamoja nasi mkekani, nguo zimepigwa pasi.

Kuna atakayesema kwamba hii ni kazi ya madaktari, na serikali imeshajenga. Ni kweli imejenga. Hospitali ya Ibn Sina ya maradhi ya akili ilifunguliwa Maskati mwaka 1983, na mwaka 2013 kazi yake ikahamia hospitali mpya ya Al Masarra, kule Al Amerat. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kina idara inayotibu na kutafiti mambo haya. Sidharau hata kimoja katika hivyo. Lakini kutoka Firq hadi Al Amerat ni zaidi ya saa moja kwa gari, na umbali ulio mkubwa zaidi umo vichwani mwetu. Mwaka 2002 mtafiti Samir Al-Adawi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu namna Waomani wanavyoyatazama maradhi ya akili. Waliwauliza watu wa kawaida na waliwauliza wanafunzi wa udaktari. Makundi yote mawili yalikataa kwamba urithi wa damu ni chanzo, yakaelekea kwenye majini, na yote mawili yakaona afadhali majengo ya kutibia maradhi hayo yawe mbali na makazi ya watu. Wanafunzi wa udaktari! Miaka imepita tangu wakati huo, na vijana wamesoma mengi, lakini kila familia ijiulize: wa kwetu akiugua, tunampeleka wapi kwanza, na tunamwambia nani?

Hapo ndipo ninapotaka tuitazame Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, sehemu zilizoharibiwa vibaya na ukimwi, mtafiti Paul Bolton na wenzake walifanya jaribio lililochapishwa mwaka uliofuata. Waliwatafuta watu wenye sonona na dalili zake. Katika nusu ya vijiji waliwakusanya katika vikundi vidogo, wanawake mbali na wanaume, kila wiki saa moja na nusu, kwa wiki 16. Waliokuwa wakiongoza vikundi si madaktari. Ni watu wa huko huko, wanaosema lugha ya huko, waliofundishwa kwa muda wa wiki mbili. Na mazungumzo yenyewe hayakuwa ya kitabibu: nani amefariki na bado anakuuma, umegombana na nani, maisha yako yamebadilikaje ghafla, tufanye nini kabla ya wiki ijayo. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi walikuwa na sonona. Baada ya wiki 16 ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi ilikuwa asilimia 94, ikashuka hadi 54.7. Zimbabwe nako, katika kliniki za Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina mama watu wazima wa mitaani kukaa benchini na wagonjwa na kuwasaidia kupanga matatizo yao moja moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na kina mama hao walikuwa na sonona kidogo mno kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Tazama kilichotibu. Ni watu kuketi pamoja, siku inayojulikana, na mmoja wao aliyefunzwa namna ya kusikiliza na namna ya kuuliza. Sabla tayari tunayo, na ada ya kukaa tunayo. Kilichopungua ni yule mtu mmoja aliyefunzwa, na ruhusa ya kusema kwamba mimi sijafiwa lakini nimeelemewa.

Pingamizi iliyo nzito kwangu ni ya sitara. Firq si mji mkubwa, na ukichimba kidogo kila mtu ni jamaa ya mwenziwe au mkwewe. Binti akijulikana kuwa anatumia dawa za akili, posa hazitakuja. Kijana akijulikana, ataulizwa kazini. Siwezi kuwaambia wazazi kwamba hofu hii ni upuuzi, maana wameyaona. Lakini hesabu yake nayo itazamwe vizuri. Kumsitiri mtu ni kutomtangaza. Kumfungia chumbani mpaka ugonjwa ukomae ni jambo jengine, na ugonjwa uliokomaa ndio unaopiga kelele mtaani kote. Vikundi vya Uganda havikuwa mikutano ya hadhara. Vilikuwa vya watu wachache. Anayeona Firq ni karibu mno aende Nizwa mjini, au Izki, au Manah, ambako hakuna shangazi wa kumuona akiingia. Na anayefundishwa kusikiliza afundishwe kunyamaza kwanza. Asiyeweza kunyamaza aondolewe, hata akiwa mzee wa heshima.

Wengine watasema ni udhaifu wa imani, au ni jicho na majini, na tiba yake ni Qur'ani. Mimi sina ugomvi na kisomo. Kisomo kinamtuliza mtu, na mwenye kukiamini asinyimwe. Ninachokataa ni kauli ya kwamba muumini hahuzuniki. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni ya mwanawe, naye ni nabii. Mwaka aliofiwa na bibi Khadija na ami yake Abu Talib, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, unajulikana na Waislamu wote kuwa ni Mwaka wa Huzuni. Na wanazuoni hawakuishia kwenye dua peke yake. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na ya nafsi, na humo akaitenganisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile inayomvamia mtu pasina sababu anayoijua, akaona ya pili ina mizizi mwilini na inahitaji tiba ya mwili pia. Cairo ilikuwa na hospitali ya Sultani Qalawun tangu mwaka 1284, yenye sehemu ya wagonjwa wa akili. Anayempeleka mwanawe kwa daktari leo anafuata njia iliyopitiwa na Waislamu kwa zaidi ya miaka elfu. Wasiwasi wangu ni kwa yule anayemaliza akiba yake kwa waganga wa mbali, mmoja baada ya mwengine, miaka inakwenda, na kila mmoja anampa jina jipya la aliyemroga. Huyo hapotezi fedha tu. Anapoteza na jamaa, kwa sababu kila jina linalotajwa ni la mtu wa karibu.

Kuna mipaka, na lazima niiseme wazi. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayekaa siku kadha bila kulala na nguvu zimemzidi, mama aliyejifungua juzi akawa hamtambui mtoto wake, hao si wa kuzungumza nao mkekani. Ni wa hospitali. Na mtu akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo. Wengi wanaogopa kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua, wakidhani watamtia wazo hilo. Utafiti hauonyeshi hivyo. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupumua, kwa kuwa amepata pa kulitua.

Nimebakisha jambo ambalo kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili ni zito kuliko kwa majirani zetu. Wapo Oman wazee waliotoka Unguja na Pemba baada ya Januari 1964, na wengine waliorudi baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani wa nje. Wamo waliofiwa na jamaa katika mapinduzi wasipate kuwazika wala kuwakalia matanga. Walikuja, wakajifunza upya Kiarabu cha nchi, wakafanya kazi, wakalea, na yale hawakuyasema. Leo wana miaka themanini na zaidi. Mzee anapodhoofika akili, mara nyingi lugha ya utotoni ndiyo inayobaki, na katika chumba cha daktari anayetoka India au Misri anajikuta hana ulimi. Basi anaitwa mjukuu atafsiri. Lakini bibi gani atamwambia mjukuu wake wa miaka 17, mbele ya mgeni, alichokiona usiku ule Unguja? Atasema miguu inauma. Mjukuu atatafsiri miguu, daktari ataandika dawa ya miguu.

Hapa hatuhitaji kungoja mtu wa mbali. Yapo maswali tisa mafupi ya kupima sonona, yanayouliza usingizi, hamu ya chakula, uchovu na huzuni ya wiki mbili zilizopita. Yametafsiriwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya, na kuyauliza huchukua dakika chache tu. Wapo miongoni mwetu kina mama waliostaafu ualimu na uuguzi, wanaosema Kiarabu na Kiswahili sawasawa, ambao wazee hawa wanawaita binti na wanawaamini. Wawili au watatu kati yao wafundishwe, wakae asubuhi moja kwa wiki karibu na kituo cha afya, katika chumba chenye mlango unaofungika, na wajue ni daktari yupi wa Nizwa wa kumpigia simu pale swali la tisa, lile la kutamani kufa, linapojibiwa ndiyo.