Mapenzi Chini ya Ulinzi



Hadithi ya jasusi aliyependana na ofisa wa adui haichuji. Filamu huipamba kwa mvinyo na muziki. Jioni hii nawaomba tumtazame mwanamke mmoja, Mathilde Carré, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1908, na tuulize jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka: ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwa nani?

Mwaka 1940, baada ya Ufaransa kushindwa, Carré alikutana mjini Toulouse na Roman Czerniawski, ofisa wa jeshi la anga la Poland. Wakaunda mtandao wa Interallié, uliopeleka London habari za majeshi ya Ujerumani kwa redio. Novemba 1941 mtandao ulivuja. Mwenzao wa Normandy alikamatwa, akasema aliyoyajua, na zamu ya Paris ikafika: Czerniawski na Carré nao wakakamatwa.

Aliyemshughulikia Carré ni Hugo Bleicher wa Abwehr, idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani. Baadaye wengi walimjua kama Kanali Henri. Ukanali wenyewe ulikuwa wa kujibandika. Cheo chake halisi kilikuwa sajenti. Kwa hiyo hata yule “ofisa” wa hadithi yetu si ofisa! Baada ya usiku mmoja gerezani Carré alitolewa, akatakiwa achague kushirikiana au kufa. Akaenda kwenye miadi yake kama kawaida, Bleicher akiwa naye, na wenzake wakakamatwa mmoja baada ya mwingine. Redio nayo iliendelea kuzungumza na London, sasa kwa matakwa ya Wajerumani. Siku hizo hizo akawa hawara wa Bleicher.

Tuyaite mapenzi? Nasita. Ridhaa ya mtu anayeweza kurudishwa selo kabla ya kifungua kinywa haina kipimo. Wala simsafishi: waliokamatwa walikuwa na wazazi na watoto.

Mapema mwaka 1942 Pierre de Vomécourt, aliyetumwa Ufaransa na Waingereza, alimshuku Carré, naye akakiri. Wawili hao wakamshawishi Bleicher amruhusu Carré kwenda London, eti akampelelezee. Bleicher akakubali, tamaa ya siri ilimzidi nguvu. Waingereza walimsikiliza Carré, kisha wakamweka kizuizini.

Sasa mtazameni Czerniawski. Naye alikubaliana na Wajerumani akiwa mfungwa, wakamwacha “atoroke” mwaka 1942. Alipofika London alijieleza, akapewa jina la Brutus, na mwaka 1944 taarifa zake za uongo zilisaidia kuwaaminisha Wajerumani kwamba shambulio kuu dhidi yao lingekuja Pas-de-Calais. Yeye anakumbukwa kwa heshima. Carré alihukumiwa kifo mjini Paris Januari 1949, akapunguziwa adhabu, akatoka gerezani mwaka 1954.

Tofauti ya haki kati yao ipo: Carré alipokiri, wenzake walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Kosa lake liko kwenye miadi ile. Lakini mahakamani ilisomwa pia shajara yake, pamoja na haja zake za mwili, na mpaka leo wasimulizi hutangulia kitandani kabla ya kufika kwenye miadi. Bleicher alirudi Ujerumani, akauza tumbaku, akaandika kumbukumbu zake.