Picha ya Mkia: Nafasi ya Manahodha katika Kuwatambua Nyangumi



Mwaka 2022 nyangumi dume mwenye nundu alipigwa picha karibu na Zanzibar. Mkia wake ulipolinganishwa na maelfu ya mikia iliyohifadhiwa katika hazina ya picha ya Happywhale, ikabainika kuwa ni yuleyule aliyepigwa picha Colombia, upande wa Bahari ya Pasifiki, mwaka 2013 na tena 2017. Kutoka huko hadi kwetu, kwa njia ya mkato kabisa, ni kilomita 13,046. Alipita wapi hatujui, kwa sababu picha huonyesha vituo, haionyeshi njia. Lakini hakuna aliyemgusa. Ushahidi wote ni picha, tarehe na mahali, na nasisitiza hayo mawili ya mwisho.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Watafiti waliwapiga nyangumi vishale vya chuma vyenye namba, kisha wakangoja wavuvi wa nyangumi wamuue mnyama na kumpasua ndipo namba ipatikane. Ni katika miaka ya 1970 ambapo Steven Katona na wenzake, huko Maine, Marekani, walianza kukusanya picha za mikia kwa utaratibu. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi mwenye nundu una madoa meusi na meupe yasiyofanana na ya mwingine: kuna mkia mweupe karibu wote, kuna mweusi tititi, na ukingo wake wa nyuma una mapengo na makovu yake.

Mkia huo hunyanyuka pale tu nyangumi anapozama kwenda chini sana. Kwa hiyo nahodha akae nyuma yake kwa pembeni, apunguze mwendo, na mpiga picha afyatue mfululizo tangu mgongo unapopinda. Kumkimbiza hakufai. Wanapokuja kwetu wakati wa kusi, nyangumi hawa huwa hawali. Wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea kwenye bahari za kusini, na kila wanapolazimika kukimbia boti wanayapunguza bure. Kanuni za nchi nyingi hutaka chombo kibaki umbali wa angalau mita 100 kutoka kwa nyangumi.

Hapa lipo jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Pwani yetu ni mahali pa kuzalia, na mama mwenye ndama hunyanyua mkia kwa nadra. Tukikusanya mikia peke yake, tutajaza daftari madume na kuwaacha akina mama, yaani haohao ambao tuna sababu kubwa zaidi ya kuwalinda. Naomba basi tupige pia pezi la mgongoni, ubavu wa kushoto na wa kulia. Kazi ya kulinganisha mapezi ni ngumu zaidi, lakini makovu na umbo lake husaidia.

Hasara ya kuwakosa akina mama inaingia hadi kwenye hesabu ya idadi ya nyangumi. Tuseme mwaka huu tumetambua nyangumi 40, mwakani 40, na 4 kati yao ni walewale. Makadirio ya haraka ya idadi yao yote yatakuwa 400, yaani 40 mara 40, kisha kugawanya kwa 4. Hesabu hiyo inategemea kila nyangumi awe na nafasi sawa ya kupigwa picha. Mama akikosekana, jibu linapotoka. Linapotoka vilevile tukifuta picha zisizopendeza au tukipoteza tarehe zake.

Na tarehe nyingi zinapotelea kwenye simu. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa, na taarifa za saa na mahali zilizofungamana nayo huondolewa. Inapofika kwa mtafiti ni pambo. Napendekeza kila boti itunze picha halisi kama zilivyotoka kwenye kamera, saa ya kamera irekebishwe kabla ya kung'oa nanga, na kila diko liwe na mtu mmoja anayezipokea kwa kadi au kwa waya, pamoja na jina la nahodha na mahali nyangumi alipoonekana.

Jina hilo si la kupamba daftari. Mfumo wa Happywhale humjulisha aliyetoa picha pindi nyangumi wake anapotambuliwa na kila anapoonekana tena. Taarifa hiyo isiishie kwenye barua pepe ya ofisini. Mpokeaji wa diko aipeleke kwa nahodha mwenyewe, msimu huohuo.