Mtoto Hujifunzaje?

Nazungumza nanyi kutoka Buhembe, hapa Bukoba, na kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Leo nataka tulifikiri swali ambalo kila mzazi na kila mwalimu hujiuliza: mbona mtoto huyu hashiki analofundishwa?

Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mgeni, nilifundisha hesabu za kuzidisha katika darasa la tatu. Watoto waliziimba asubuhi nzima kwa sauti moja, hata wapita njia wakasikia. Nikafurahi, nikasema moyoni, "Wamekwisha kujua." Wakaenda likizo. Waliporudi nikauliza, "Saba mara nane ni ngapi?" Darasa lote kimya. Nikakasirika, nikashika fimbo. Kijana mmoja mpole hakutamka hata neno moja, nami nikamhesabu kuwa ni mzito wa akili.

Jumamosi moja nikaenda gulioni, nikamkuta kijana yule yule pamoja na bibi yake, wakiuza maharage. Akaja mteja akataka mabakuli saba, na bei ya bakuli moja ilikuwa shilingi mia nane. Kabla mteja hajafungua mfuko wake, kijana akasema, "Elfu tano na mia sita." Akapewa noti ya elfu kumi, akarudisha elfu nne na mia nne, bila karatasi wala kalamu. Saba mara nane, mabwana! Jambo lile lile nililompigia fimbo. Nikasimama pale nikiona haya, nikajiuliza: mzito wa akili ni nani, yeye au mimi?

Tangu siku ile nilianza kuisoma kwa bidii ile elimu inayochungua akili na mwenendo wa mtu, ambayo wataalamu huiita saikolojia. Nimepata humo mambo manne, nayo nitawaeleza kwa maneno mepesi.

Jambo la kwanza ni habari ya kusahau. Katika mwaka wa 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu cha majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake. Alijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana yo yote, kisha akapima kazi ngapi imesalia. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu imekwisha kupotea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Lakini baada ya hapo upotevu ulikwenda polepole. Hata baada ya mwezi mmoja kiasi cha sehemu moja katika tano kilikuwa kimebaki. Basi kusahau si uvivu, wala si ukaidi. Ndivyo akili ilivyo. Dawa yake ni kurudia, lakini si kurudia mara mia kwa siku moja kama nilivyofanya mimi. Ni kurudia kidogo leo, kidogo kesho, na kidogo tena juma lijalo. Mkulima hamwagii mche wa kahawa maji ya mwaka mzima kwa siku moja.

Tena, kuna namna ya kurudia iliyo bora. Mwaka wa 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fulani wasome. Wengine waliisoma tena. Wengine waliifunika wakajaribu kuikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena ndio waliokuwa mbele. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka waliwashinda wenzao. Enyi wanafunzi, lishikeni neno hili: kifunike kitabu, ujiulize mwenyewe. Ukishindwa, fungua utazame, kisha ufunike tena.

Jambo la pili ni kwamba kipya hushikamana na kile kinachojulikana. Lev Vygotsky, mtaalamu wa Urusi aliyefariki mwaka wa 1934, alifundisha kwamba yako mambo ambayo mtoto huyaweza peke yake, na yako asiyoyaweza kabisa. Lakini katikati yako yale anayoyaweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Hapo katikati ndipo pa kufundishia. Nasi Wahaya twalijua jambo hili, ijapokuwa hatukuliandika vitabuni. Mama anapomfundisha binti kumenya ndizi, hampi mkungu mzima na kisu kikali siku ya kwanza. Humketisha karibu, humwacha atazame, humpa ndizi moja, humwongoza mkono, kisha polepole huuondoa mkono wake. Mbona sisi walimu tukiingia darasani twasahau hekima ya jikoni? Yule kijana alikuwa na saba mara nane ndani ya maharage ya bibi yake. Kazi yangu ilikuwa kuyatoa maharage yale na kuyaweka juu ya ubao, nami sikuifanya.

Jambo la tatu ni habari ya zawadi. Mwaka wa 1898 Mmarekani Edward Thorndike aliandika habari za paka aliowafungia katika masanduku yenye kitasa. Paka akihangaika, kwa bahati hugusa kitasa, mlango hufunguka, naye hupata chakula. Kila alipofungiwa tena alitoka kwa muda mfupi zaidi. Thorndike akasema kwamba tendo linaloleta furaha hurudiwa. Naam, ni kweli. Mtoto akisifiwa kwa kazi njema hutaka kuifanya tena. Lakini mwanadamu si paka. Mwaka wa 1973 huko California, Lepper na wenzake waliwatazama watoto wadogo waliopenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora, wengine hawakuahidiwa kitu. Baada ya siku kadhaa, watoto walioahidiwa cheti walichora kwa hiari yao kwa muda wa kama nusu tu ya ule wa wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua. Basi tusinunue kila juhudi ya mtoto. Tumsifu kwa neno la kweli linalotaja alilolifanya: "Umepanga tarakimu zako vizuri leo," wala si, "Ukishinda nitakupa fedha."

Jambo la nne ni zito, nalo ni fimbo. Yule Thorndike hapo kwanza alidhani kwamba adhabu hufuta kosa kwa nguvu ile ile ambayo zawadi hutia wema. Lakini baada ya majaribio mengine, katika miaka ya karibu na 1932, alilikana neno lake mwenyewe, akasema adhabu haifuti sana. Humwambia mtoto kwamba amekosa. Haimwonyeshi lililo sawa. Tena mtoto aliyejaa hofu huitazama fimbo, haitazami hesabu.

Kanuni za nchi yetu za mwaka wa 2002 zaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, na kila mara viandikwe kitabuni. Lakini mwaka wa 2018, katika mji huu huu wa Bukoba, mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu. Sisemi haya ili kuvitonesha vidonda vya watu. Nayasema kwa sababu mimi nami nilishika fimbo nikiwa na hasira, na kati yangu na msiba kama ule hapakuwa na ukuta mkubwa. Kila ninapowaaga walimu wapya huwaambia: hasira ikija, weka fimbo chini, utoke nje.

Hofu huua na swali pia. Mwaka wa 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba wa Shule ya Magamba, huko Tanga, aliona kwamba maziwa yake ya kutengenezea barafu, aliyoyatia yakiwa ya moto, yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amekosea, akachekwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, alimwuliza mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huyu hakucheka, akalijaribu jambo lile, na mwaka wa 1969 wakaliandika pamoja. Wataalamu wabishana juu yake hata leo. Je, ni maswali mangapi yamekufa madarasani mwetu kwa sababu ya kicheko kimoja cha mwalimu?

Ninyi wazazi, hata msiojua kusoma, fanyeni hivi jioni ya leo. Mtoto akiwa jikoni mwambieni, "Nifundishe ulichojifunza leo." Kesho mwulizeni habari za leo. Akikosea, msimcheke.

Na yule kijana je? Jumatatu ile nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Nikaleta bakuli na maharage darasani, naye akawa ndiye muuzaji, sisi wateja. Hakugeuka kuwa bingwa. Aligeuka kuwa mtoto anayenyosha mkono. Kwa mwalimu, hilo latosha kuanzia.