Bakora ya Jana, Maumivu ya Leo



Ndugu zangu vijana, wa kike na wa kiume, nitasema machache kabla adhana ya Magharibi haijanikata maneno.

Juzi juzi nilimsindikiza rafiki yangu kwa daktari wa meno. Kijana mzima, mwenye kifua, anacheza beki. Sindano haijamgusa, tayari ametota jasho. Nikamcheka. Tulipokuwa njiani akaniambia, "Wewe hujui. Mimi nilipokuwa mdogo, nikilia kwa maumivu naongezwa." Kicheko kikaniisha.

Wengi wetu tuliopitia chuoni twalijua hilo "naongezwa". Ukilia, unaambiwa nyamaza. Ukinyamaza, unaambiwa wewe sugu. Leo tunahadithiana zile bakora kama vichekesho. Lakini hebu tujiulize, mwili nao umezisahau?

Wataalamu wameliangalia jambo hili. Huko Kanada, mwaka wa 1997, Anna Taddio na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watoto waliotahiriwa wakiwa wachanga. Walipodungwa chanjo wakiwa na miezi minne hadi sita, waliotahiriwa bila ganzi ndio walioonyesha maumivu zaidi. Waliopakwa dawa ya ganzi walikuwa afadhali, na wasiotahiriwa afadhali zaidi. Watoto wale hata kusema "mama" hawajui, lakini mwili ulikwisha andika. Msinielewe vibaya: tohara ni sunna yetu, wala siipingi. Nasema tu kwamba ganzi haibatilishi sunna.

Uingereza nako, watoto waliozaliwa wiki moja ya Machi 1958 walifuatiliwa mpaka ukubwani. Walipofika miaka 45, wale waliofiwa na mama utotoni, waliolelewa katika makao ya watoto, au waliokulia katika dhiki ya pesa, walionekana kusumbuliwa zaidi na maumivu ya mwili mzima yasiyokwisha.

Kwa nini? Kwa sababu maumivu hayaamuliwi na kidonda peke yake. Ubongo ndio unaopima hatari iliyopo. Mtoto anayeishi kwa hofu, kengele yake ya hatari huzoea kulia. Akiwa mkubwa, jambo dogo laiamsha. Huo si uoga, wala si kudeka.

Basi je, aliyepigwa ndiyo basi tena? La. Si kila aliyeteseka utotoni huumwa ukubwani, na si kila maumivu yametoka utotoni. Ukiumwa, nenda hospitali. Lakini mweleze daktari na ulikotoka, usione haya.

Na sisi ambao Ramadhan hii tunasomesha wadogo zetu, tuiweke bakora chini. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, imekataza adhabu ya viboko. Na kabla ya katiba, tunaye Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu udogoni, na amesimulia kwamba hakuwahi kumkemea. Tukitaka kufuata sunna, na hii pia ni sunna.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi leo akilia mbele yako, kabla hujamwambia "nyamaza", muulize kwanza, "wapi panauma?"

Rafiki yangu hakuwahi kuulizwa hivyo. Nilimuuliza mimi siku ile, naye akanyamaza kitambo kirefu kabla ya kunijibu.